Mkimbizi Mwenzake Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Highview, rafiki yangu, na kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu. Siyo huzuni, wala ile hamu tamu ya utotoni ambayo watu hupenda kuisimulia. Wivu mkavu kabisa. Nilisimama mbele ya maghorofa yetu ya zamani, huko kusini mwa Louisville, Kentucky, nikatazama upande wa pili wa uzio, kwenye nyumba ya matofali mekundu aliyokuwa akikaa mzee mmoja wa Kizungu, na roho ikaniuma vilevile kama nilipokuwa na miaka kumi. Mzee mwenyewe alishafariki zamani. Bibi yangu tumemzika Buffalo mwaka huu huu. Wote wawili wako udongoni, na mimi bado nagombania nafasi ya kukaa karibu na Bibi!

Sikwenda peke yangu. Nilikuwa na mama mkubwa, dada yake mama, niliyempitia Columbus kwenye nyumba yake karibu na Morse Road. Safari aliitaka yeye. Mimi ningebaki Buffalo nikalala, maana kwenye ghala ninakofanya kazi wiki ile walikuwa wametutoa jasho. Lakini mama mkubwa akishasema jambo, limesemwa. Kwa nini mtu mzima atake kusafirishwa siku nzima aone uzio wa watu? Ngoja, tutafika.

Wakati ule nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mama na mimi. Mama alifanya kazi kwenye ghala la viatu, aliondoka nikiwa shuleni na kurudi nikiwa nimelala, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa Bibi. Tulilala kitanda kimoja. Nikishuka kwenye basi la shule, harufu ya maharage ilinipokea kabla sijafika mlangoni, maharage yaliyochemka tangu asubuhi na mwisho kutiwa mawese. Mawese yalitoka Columbus, kwenye maduka ya Kiafrika ya huko, na mama mkubwa ndiye aliyetuletea, pamoja na unga wa muhogo na dagaa waliofungwa ndani ya mifuko mitatu ili gari lisinuke. Lilinuka hivyo hivyo.

Na kulikuwa na ukoko. Bibi alikuja Amerika na sufuria yake ya kambini, nyeusi chini, imebonyea ubavuni. Watu wa shirika waliotupokea walitupa masufuria mapya yanayoteleza, akayashukuru akayaweka kabatini. Ugali aliusonga kwenye sufuria yake, na ukishaepuliwa alibaki anakwangua ule ukoko wa chini, mwembamba, wenye kuvunjika meno yakigusa. Huo ulikuwa wangu. Hakuna aliyeandika sheria, lakini ulikuwa wangu tangu kambini Tanzania nilikozaliwa, na hata mama alijua.

Bibi alilima. Nyuma ya ghorofa, kando ya uzio wa waya, alichimbua kipande cha ardhi bila kumuuliza mtu, akapanda lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na maharage na maboga. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia maji kwa chupa ya maziwa. Kazi yangu nyingine, rafiki, ilikuwa kusema. Mimi nilikuwa mdomo wa nyumba nzima. Daktari akizungumza, nasema mimi. Mwenye nyumba akigonga, nasema mimi. Kiingereza nilikiokota kwenye basi la shule, nikakileta nyumbani hivyo hivyo kibichi, na mtu wa kunisahihisha hakuwepo.

Majani ya maboga ndiyo yaliyotuletea yule mzee. Yalipanda uzio, yakavuka, yakaenda kutambaa kwenye nyanya zake. Asubuhi moja ya Jumamosi tukamwona amesimama upande wake, mrefu, amekonda, kofia kichwani, suruali imeshikiliwa na mikanda ya mabegani, fimbo mkono mmoja na mkono mwingine ameshika kikonyo cha boga. Nilijua tumepatikana. Akavua kofia, akamsalimu Bibi. Wazee wa Kentucky humwita mwanamke yeyote kwa neno la heshima linalosikika kama "mama", na Bibi akalisikia hivyo.

"Kaniita mama," akaniambia, macho yamemtoka. "Mzee kama huyu! Amelelewa huyu."

Hapo hapo akachuma majani machanga upande wa yule mzee, akamwonyesha kwa mikono kwamba yanaliwa, na jioni akanituma nimpelekee bakuli. Bakuli likarudi tupu. Jumamosi iliyofuata mzee alizunguka uzio na fimbo yake, akaja kukaa kwenye kiti chetu cha plastiki, akapewa maharage na ugali, akala. Akala bila kuuliza ni nini! Alisema mama yake, huko kijijini kwenye mashamba ya tumbaku, aliwalea kwa maharage na unga wa mahindi, na kwamba tangu mke wake afariki hakuna aliyempikia maharage yaliyoiva vizuri. Bibi alimtazama anavyotafuna, akaridhika. Mimi nilimtazama anavyotafuna, nikaanza kuhesabu matonge yake.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Bibi aliniambia nimuulize mzee alikuwa akifanya kazi gani enzi zake. Mzee akajinyoosha kwenye kiti. Maneno yake niliyashika vizuri sana, na niliyatafsiri moja moja kama yalivyokuja: kwamba alipotoka vitani, akiwa bado kijana, alikimbia. Akafika kwenye bunge la jimbo, Frankfort. Baada ya miaka miwili akakimbia tena. Kisha akakimbia kwenda baraza la juu, akakaa huko miaka mingi, akikimbia kila walipomtaka akimbie.

Bibi aliweka kisu chini.

"Masikini ya Mungu," akasema. "Kumbe na yeye ni mkimbizi! Muulize nani alikuwa anamfukuza."

Nikauliza. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie ni chama kile kingine."

Nikamwambia Bibi. Hakucheka hata kidogo. Alitikisa kichwa polepole, kwa sababu vyama alivijua. Kwao Burundi aliwahi kuona wanachoweza kufanya watu wa chama wakimtaka mtu. Alimkimbia mtu wa chama mpaka Kongo, halafu akakimbia tena mpaka Tanzania.

"Na huko Frankfort alikokimbilia, ni mbali?"

"Anasema mwendo wa saa moja, kwa gari."

"Na nyumbani alirudi lini?"

"Kila Ijumaa."

"Alikuwa na bahati huyo," Bibi akasema, na akamwongezea maharage.

Tangu siku hiyo hakumwita mzungu tena. Alimwita Mwenzangu. Mimi nilimwita Mheshimiwa, kwa vile kambini kila aliyetoka bungeni aliitwa hivyo, na yeye alilipenda jina hilo nilipomweleza maana yake. Alisimulia kila Jumamosi. Alivyopita kwenye maghala ya tumbaku akishika mikono ya wakulima mpaka wake ukavimba. Alivyokula kuku wa kukaanga kwenye kila kanisa la wilaya, jioni moja makanisa matatu, na kote akasema hajala. Alivyopigania barabara ya lami kijijini kwao mpaka ikafika. Halafu chama chake kikampa cheo cha kuwafuatilia wenzake wapige kura inavyotakiwa, cheo ambacho hapa kinaitwa kwa jina la kiboko. Nikatafsiri: chama kilimfanya awe kiboko. Bibi akasogeza kiti nyuma kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama alikuwa anawachapa watu. Mzee akasema ndiyo, inapobidi. Bibi akafikiri, akasema hata kambini walinzi wa zamu walikuwa na viboko, na wengine wao hawakuwa watu wabaya.

Ona basi yaliyonipata. Jumamosi ilikuwa siku yangu na Bibi. Sasa Bibi aliamka mapema, akaoga, akafunga kile kitenge chake cha kanisani, kwa ajili ya mzee wa Kizungu mwenye suruali ya mikanda! Utani wake wote alimpa yeye. Na mimi nilikaa katikati nikitoa maneno kwa huyu na kumpa huyu, koo limenikauka, wala hakuna aliyeniuliza wewe mtoto unaonaje. Nikichangia langu, Bibi alisema, "Wewe umezaliwa juzi, tafsiri."

Kisha akampa ukoko. Niliona kwa macho yangu. Aliukwangua, ukatoka mzima, mviringo wa sufuria yote, akaunyoosha mkono wake ukanipita mimi, ukaenda kutua kwenye sahani ya Mheshimiwa. Naye akauvunja, akasema unafanana na ule wa chini ya mkate wa mahindi wa mama yake, macho yakamlowa. Ningemnyang'anya, haki ya Mungu! Niliinuka nikaenda kusimama kwenye lengalenga, nimewapa mgongo.

"Ukinuna, nuna na sahani yako," Bibi akaniambia. Ndivyo alivyosema siku zote. Nikarudi kuchukua sahani, nikaendelea kununa nayo.

Mwisho wa kiangazi mama alipata Jumamosi moja ya mapumziko. Alikuwa jikoni anaosha vyombo, dirisha wazi, sisi watatu tuko nje tunaambua maharage. Mheshimiwa akawa anasimulia mara ya mwisho alipokimbia na watu wakamkataa, nami natafsiri. Mara tukasikia mama anacheka peke yake. Nikaingia ndani.

"Wewe mtoto wewe," akasema, ameshika sinki. "Anakimbia nini? Huyo mzee alikuwa anagombea! Hapa mtu akigombea kiti wanasema anakimbia. Mmekaa mnamlisha mkimbizi, kumbe mbunge wa watu!"

Nilifurahi, jamani. Wee, acha tu. Sikuona aibu ya kukosea hata chembe. Nilichoona ni mlango wa kumtolea yule mzee kwenye kiti chetu, mlango wazi kabisa. Nilitoka mbio.

"Bibi, huyu si mkimbizi. Hajawahi kukimbia hata siku moja. Alikuwa anagombea ubunge. Mama kasema."

Mikono ya Bibi ilisimama kwenye maharage. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Mheshimiwa akauliza nimesema nini, nami nikamweleza yote kwa Kiingereza, kwa kujidai, kidole hewani. Nilingoja acheke, kisha Bibi achukie, kisha mambo yarudi yalivyokuwa.

Hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini. "Ndiyo maana aliniuliza nani ananifukuza," akasema. Akawa anachezea ukingo wa kofia. "Mwambie bibi yako kwamba mama yako yuko sahihi," akasema. "Lakini mwambie na hili. Niliwahi kukimbia kweli. Mara moja."

Akasimulia. Zamani zile kwenye mji huu na miji yote ya kusini, mtu mweusi hakuweza kuingia hoteli akalala, wala mkahawani akakaa akala. Bunge lao likaletewa sheria ya kuondoa jambo hilo. Wilayani kwake kulikuwa na mchungaji mweusi, na Mheshimiwa alikwenda kwake, akakaa mezani pake, akala maharage yake, akamwambia uso kwa uso kwamba siku ya kura atasema ndiyo. Siku ikafika. Mchungaji alikuwa amekaa juu, kwenye viti vya wageni. Karani akaanza kuita majina, na kabla hajaita lake, Mheshimiwa aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka ngazi mbio, akaingia garini, akaenda nyumbani. Mke wake akamuuliza mbona mapema. Akasema kichwa kinamuuma.

"Wazungu wa wilaya yangu walinichagua tena," akasema. "Na tena. Kwa sababu ya zile ngazi."

Bibi akauliza, "Yule mchungaji alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinivulia kofia kila tulipokutana, mpaka alipofariki."

"Hiyo ndiyo mbaya," Bibi akasema. Halafu, bila kunitazama, "Mwambie na mimi."

Na hapo, rafiki yangu, nikawa mdomo wa jambo ambalo sijawahi kulisikia. Bibi alisema kwamba walipotoka kijijini kwao mara ya kwanza, alikuwa na watoto wawili. Mchanga alikuwa mgongoni. Mkubwa, msichana anayejua kutembea, alikuwa amemshika mkono. Mvua inanyesha, watu wanasukumana bondeni kufuata mto. Risasi zikalia nyuma yao. Bibi akauachia ule mkono. Hakusema ulimponyoka. Alisema aliuachia. Alipofika ng'ambo ya mto akageuka, akawaona watu wengi, hakumwona mtoto, na hakurudi. Akataja jina la yule mtoto, jina ambalo sitaliweka hapa. Nililitamka kwa Kiingereza pia, kwa kuwa jina halitafsiriwi.

Mheshimiwa hakumwambia pole. Alivuta beseni karibu naye, akachukua maharage, akaanza kuyaambua, vibaya, mengine yakimwagika chini. Waliambua hivyo mpaka yakaisha. Mimi sikuambua. Nilikuwa nimechoka taya, na kilichonijaa kifuani siyo huruma, nisikudanganye. Nililala ubavuni mwa Bibi maisha yangu yote, naijua hata harufu ya kilemba chake, na neno hilo hajawahi kunipa. Amekwenda kumpa jirani wa juzi! Limepita mdomoni mwangu kama mzigo unavyopita mkononi mwangu siku hizi ghalani, naubandika karatasi, unakwenda kwa mwenyewe.

Siku ya pili nikamuuliza juu ya yule mtoto. "Mtoto gani?" akasema, na akanikwangulia ukoko, akanipa wote. Nikaula.

Mwaka uliofuata mama alisikia habari za kiwanda Buffalo, tukahama. Mheshimiwa alikuja kwenye uzio, akavua kofia, akasema lile neno lake la "mama". Bibi akampa mbegu za maboga zimefungwa kwenye kitambaa. Buffalo kulikuwa na theluji na kulikuwa na Warundi wenzetu wengi, lakini Bibi hakupata tena mtu wa kumwita Mwenzangu, na mimi, aibu yangu, nilifurahi. Nilikuwa naye peke yangu tena. Nilingoja aniambie. Miaka ikapita, nikamaliza shule, nikaanza kazi, naye akazeeka kitandani akinisimulia habari za mbuzi na za harusi na za majirani wa kambini. Lile hakulisema, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Kwenye matanga, mama mkubwa alisimama mbele ya watu kumzungumzia mama yake. Akaanza, "Mimi ndiye kifungua mimba wake." Niliinua macho. Nilimngoja mpaka jikoni, watu wamepungua, anafunika vyakula, nikamwambia taratibu kwamba siye. Kwamba kulikuwa na mwingine, aliyekuwa akitembea. Nilidhani anajua na anaficha. Kifuniko kilimtoka mkononi. Mama naye alikuwa mlangoni, hajui. Hakuna mtu aliyejua, si huko Columbus, si hapa Buffalo.

"Alikuambia lini?" mama mkubwa akauliza.

"Hakuniambia mimi. Alimwambia Mheshimiwa."

Ndiyo maana tulikwenda Highview. Uzio wa waya umeondolewa, wameweka wa mbao, mrefu, huoni ng'ambo. Palipokuwa na lengalenga wamemwaga kokoto, na juu yake pameegeshwa gari la mtu. Kwenye nyumba ya matofali kuna familia changa, watoto wanarukaruka nyuma, tunawasikia tu. Hakuna harufu ya kitu. Sufuria ya Bibi ninayo mimi, lakini jiko langu la umeme halitoi ukoko, nimejaribu.

Mama mkubwa aligusa mbao. "Alikaa wapi?"

Nikamwonyesha. Bibi hapa, mzee hapa, mimi katikati.

"Niambie tena," akasema. "Sema kama alivyosema yeye."

Nikafungua mdomo, kikatoka Kiingereza. Nikajaribu tena. Kiingereza. Siku ile nilihangaika kutafuta maneno ya kumpa yule mzee, na hayo ndiyo yaliyokaa. Ya Bibi mwenyewe, Kirundi chake na Kiswahili chake cha kambini, yalipita yakaenda. Ikabidi nimtafsirie mama mkubwa maneno ya mama yake, kutoka kwenye Kiingereza changu kibichi cha miaka kumi. Nilisimama pale nikamchukia Mheshimiwa kwa mara nyingine. Hakuelewa hata neno moja la Bibi, na ndiye aliyetazamwa.

Nikamwambia hivyo mama mkubwa, nikitaka anihurumie. "Muda wote Bibi alikuwa anamtazama yule mzee."

"Na wewe ulikuwa unamtazama nani?"

"Bibi."

Watoto wa ng'ambo walikuwa wanacheka. Mama mkubwa aliposema, ilikuwa kwa ile sauti ya wivu ambayo ningeitambua popote, kwa maana nimeishi nayo.

"Basi wewe ulimwona uso," akasema. "Mimi nilikuwa mgongoni."